Kahawa baridi wakati wa joto: Anza na usafi wa barafu yako

  Leo tutazungumzia kinywaji ambacho watu wengi wa Singida wamekizoea kikiwa cha moto, nacho ni kahawa. Tutaona namna ya kuitengeneza iwe baridi na tamu hapahapa nyumbani, na namna ya kuhakikisha kinywaji hicho hakiwi chanzo cha maradhi.

Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua. Kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua huwa kali, upepo mkavu na koo hukauka upesi. Wakati huo kila mtu hutafuta kitu cha baridi. Mwenye jokofu hugandisha barafu, asiye nayo humtuma mtoto akanunue. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wengi wetu tunadhani kuwa baridi ni usafi.

Barafu haiui vijidudu

Ndugu msomaji, elewa jambo hili vizuri. Maji machafu yakigandishwa hubaki kuwa maji machafu. Vijidudu vya homa ya matumbo na vya kipindupindu vinaweza kustahimili ndani ya barafu, na barafu inapoyeyuka ndani ya bilauri navyo huingia mwilini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Ugonjwa huo hupitia kwenye maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na barafu ni maji kama maji mengine.

Kwa hiyo, hata kama kahawa yako umeichemsha vizuri, ukiitia barafu ya maji ya kisima yasiyochemshwa, kazi yako yote imeharibika. Chemsha maji ya barafu mpaka yatokote kwa nguvu, yaache yatokote kwa dakika moja, yafunike yapoe, kisha ndipo ugandishe. Ukitumia vidonge vya kutibu maji, fuata kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti. Gandisha katika vyombo safi vyenye mfuniko. Unapochukua barafu tumia kijiko, usitumie vidole, wala usiipasue kwa jiwe lililookotwa uani.

Suala la madini ya floraidi

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Singida. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maeneo ambayo maji ya visima yana floraidi nyingi. Ikizidi kwa muda mrefu, hasa kwa watoto ambao meno yao bado yanakua, huacha madoa ya kahawia kwenye meno, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa kuchemka sana, kiasi kilichobaki katika kila lita huongezeka. Ndiyo maana tumesema dakika moja inatosha. Kama kisima chenu kinajulikana kuwa na tatizo hilo, tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, nayo pia uyachemshe. Ulizeni ofisi ya maji kuhusu vipimo vya kisima chenu.

Namna ya kutengeneza

Kosa la kwanza la wengi ni kumimina barafu juu ya kahawa ya kawaida. Barafu huyeyuka, kahawa hupooza, ladha hupotea. Kahawa ya baridi lazima itengenezwe nzito tangu mwanzo.

Kwa bilauri nne, chukua nusu lita ya maji na vijiko 6 vya chakula vya kahawa ya kusaga, vilivyojaa. Hicho ni kipimo cha arabika, kahawa inayolimwa Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi. Ukitumia robusta, ambayo ndiyo nyingi Kagera, vijiko 4 vinatosha, kwa kuwa ni chungu zaidi na kafeini yake hukaribia mara mbili ya arabika.

Chemsha maji, epua, ndipo utie kahawa. Usiendelee kuichemsha. Kahawa inayochemka muda mrefu hutoa uchungu mkali, na uchungu huo hauondoki kahawa ikipoa. Koroga, funika kwa dakika 5, kisha chuja kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kuanikwa juani. Ukipenda iliki, tangawizi au mdalasini, vitwange na utie pamoja na kahawa.

Sukari itie kahawa ikiwa bado ya moto, maana katika baridi haiyeyuki vizuri. Fahamu pia kuwa ulimi hauonji utamu wa kitu baridi kama unavyoonja wa kitu cha moto. Ndiyo maana mtu hujikuta anaongeza vijiko bila kutambua. Vijiko vinne vya chai kwa mchanganyiko wote, yaani kimoja kwa kila bilauri, vinatosha.

Weka sufuria iliyofunikwa ndani ya beseni la maji ili ipoe haraka. Ikipoa, mimina kiasi cha robo mpaka nusu ya bilauri, tia barafu, kisha jazia maji yaliyochemshwa na kupoa, au maziwa. Mwenye jokofu anaweza kugandisha sehemu ya kahawa yenyewe, ili barafu ikiyeyuka isipoozeshe kinywaji.

Maziwa ni lazima yachemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa za muda mrefu na maumivu ya viungo, na hata kifua kikuu. Kahawa yenye maziwa inywewe papo hapo. Kahawa kavu inaweza kukaa kwenye jokofu siku mbili au tatu ikiwa imefunikwa.

Asiye na jokofu

Usikate tamaa. Hewa kavu ya Singida inakusaidia. Maji yanayovuja taratibu kwenye kuta za mtungi wa udongo hukauka kwa upepo na kuondoka na joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza njia ya vyungu viwili: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaoloweshwa, juu kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo, na kahawa uitie kwanza katika chupa safi yenye kifuniko. Haitakuwa baridi kama ya jokofu, lakini itaburudisha. Maziwa usiyahifadhi humo ukidhani ni jokofu.

Nani achukue tahadhari

Bilauri moja ya kipimo hiki cha arabika ina takriban miligramu 100 za kafeini. Mama mjamzito anashauriwa asivuke miligramu 200 kwa siku, akihesabu na chai. Watoto wapeni maji, maziwa au juisi ya ukwaju, si kahawa. Wenye presha au moyo kwenda mbio wamuulize daktari wao.

Usinywe kahawa pamoja na chakula. Hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwenye mboga na maharage, na upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwa kina mama na watoto wetu. Subiri saa moja au mbili baada ya kula. Na kwa waliofunga, futuru kwa maji na tende, kahawa ifuate baadaye.

Mtu akiharisha maji maji baada ya kunywa kinywaji chochote, hasa mtoto, usimpe kahawa wala soda. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa kwa maji salama, na umpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.

Mwisho, tukumbuke mafundisho tuliyopewa ya kufunika vyombo vyetu. Mtungi, ndoo, birika na chombo cha barafu vyote vifunikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuvigusa. Hasa tunapowaandalia wageni wa maulidi, harusi au khitma, mhudumu mmoja mwenye kata chafu anaweza kuuguza mtaa mzima.