Shokapu ya Stelingi kwa Gari Kuukuu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Hardtop (Land Cruiser ya mfululizo wa 70) ya miaka ya tisini ikitoka njia za changarawe za Runazi na kuingia lami ya Lusahunga hadi Rusumo, usukani huanza kutikisika. Je, dawa yake ni shokapu mpya ya stelingi?

Mara nyingi si dawa, na hapo ndipo wenye magari hupoteza fedha. Shokapu ya stelingi ina mafuta ndani. Ncha moja hufungwa kwenye chasi au ekseli, nyingine kwenye fimbo inayogeuza magurudumu. Kazi yake ni kumeza kishindo tairi linapopiga jiwe au shimo, usukani usimponyoke dereva. Toyota huifunga kiwandani kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, na Land Rover Defender za zamani nazo zinayo. Lakini haikutengenezwa ili ishikilie viungo vilivyolegea. Kwenye changarawe gari huenda kilomita 30 au 40 kwa saa, na vile vijituta vinavyofuatana husaga tairodi, yaani viungo vya fimbo hiyo, na bushi bila dereva kugundua, kwa kuwa gari lote linatetemeka. Akifika lami na kufikisha 70 au 80, tairi likiguswa kidogo huenda upande mmoja, ulegevu wa kiungo huliachia lirudi kupita kiasi, na mtikisiko hujiongeza wenyewe. Lami haikuleta ubovu, imeuonyesha tu. Na lami hiyo ya Rusumo ni njia ya malori mazito yaendayo Rwanda na Burundi. Si mahali pa kubahatisha usukani.

Basi fundi aanze kukagua wapi?

Aanze na kisicho na gharama. Msimu wa mvua matope hukaukia upande wa ndani wa rimu, na bonge dogo tu linatosha kuharibu balansi ya gurudumu. Aoshe rimu, apime upepo, aangalie kama tairi limelika upande mmoja. Kisha, gari likiwa chini, mtu mmoja achezeshe usukani kushoto na kulia huku mwingine ameshika tairodi, kiungo kimoja baada ya kingine. Panapolegea mkono utahisi kabla ya jicho. Gari lipandishwe jeki na kuwekewa stendi, tairi lishikwe juu na chini, lisukumwe na kuvutwa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukiisha, shaka iko kwenye beringi za gurudumu, ukibaki, iko kwenye beringi za kingpini, zile za juu na chini ya kifundo kinachogeuka. Hizi za kingpini ndizo husahaulika zaidi, kwa sababu zimejificha na kuzirekebisha kunahitaji kufungua kifundo chote na kupanga shimu upya. Hardtop za kabla ya 1999 zina springi pati mbele, kwa hiyo bushi za pati zikaguliwe. Zilizofuata zina springi za koili, na hapo bushi za fimbo inayozuia ekseli isiende kando ndizo za kutiliwa shaka kwanza. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu huenda limebadilika mwinamo wa kingpini, na mwinamo ukipungua usukani hauna tena nguvu ya kujirudisha kati.

Lakini wengi wamefunga shokapu mpya na mtikisiko ukakoma. Si ushahidi kwamba inatibu?

Ni kweli unakoma, na sababu yake inaeleweka: mafuta yanameza nguvu ambayo ingezidisha mtikisiko. Ila kiungo kinaendelea kulika chini ya kimya hicho, na shokapu iliyokusudiwa vishindo vya mara mojamoja sasa inafanya kazi kila mzunguko wa gurudumu. Inachoka mapema, na siku ikichoka tairodi imeshalegea kuliko mwanzo. Nakubali hoja moja ya upande wa pili: spea ikiwa inasubiriwa kutoka Mwanza na gari ndilo la zahanati, kufunga shokapu ili liende polepole kwa siku chache kuna mantiki. Kuiacha hapo na kusema gari limepona, hapana.

Viungo vikiwa vizima, shokapu ipi ichaguliwe? Nzito zaidi si bora zaidi?

Kwa gari kuukuu ambalo halijabadilishwa, chagua ya mafuta yenye vipimo vya kiwandani. Nzito kupita kiasi hufanya usukani uwe mgumu na mvivu kurudi kati baada ya kona, hivyo dereva hupoteza hisia ya barabara. Zile za gesi yenye shinikizo kubwa zina tatizo jingine, ambalo hesabu inalionyesha: shafti ya milimita 12 ina eneo la sentimita mraba 1.13, na gesi ya bari 10 huisukuma nje kwa nguvu ya takriban kilo 11 muda wote. Kwa kuwa shokapu ni moja na imelala upande mmoja, gari linaweza kuvuta kando hata barabara ikiwa nyoofu. Mbaya kuliko zote ni shokapu ya kawaida ya gurudumu iliyochomelewa mabano mapya. Hiyo imeundwa kusimama. Nyingi zikilazwa hewa iliyo ndani hufika kwenye vali na kuacha sehemu isiyo na ukinzani. Tena kwa kawaida hukaza zaidi ikivutwa kuliko ikibanwa, wakati stelingi inahitaji ukinzani sawa pande zote mbili.

Kabla ya kulipa, pima urefu ikiwa imefunguka na ikiwa imebanwa, linganisha na ya zamani, angalia aina ya ncha. Ikishafungwa, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia: stopa za kwenye vifundo ndizo zizuie gurudumu, shokapu ibaki na nafasi. Ikigota kwanza, itapinda au kung'oa mabano.

Na ya mtumba?

Isukume na kuivuta kwa mkono, ikiwa imelazwa. Ikipita mahali pepesi ghafla, au mafuta yakitoka kwenye sili, iache. Iliyo nzima ifungwe kwa nati iliyokazwa sawasawa na pini mpya ya kuzuia nati. Pini ya zamani iliyokunjwa na kunyooshwa hukatika, kwa hiyo mwambie fundi asiirudishe.