Kutoka jeshini hadi kwenye stima

SWALI: Nimestaafu jeshi nikiwa na miaka 45. Je, nimechelewa kusomea ufundi wa stima hapa Nakuru?

JIBU: Hujachelewa, afande, ila usianze kwa kumaliza kiinua mgongo kwenye vifaa. Sheria ya Nishati ya 2019 inadai kibali cha EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli), na kibali hutanguliwa na cheti; kama ulishika nyaya kambini, mtihani wa gredi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) utapima ujuzi huo. Utaambiwa vijana hulipisha kidogo. Ni kweli. Lakini shamba la maua Naivasha, penye pampu na sakafu iliyolowa, linahitaji mtu anayezima swichi kuu, akapima waya kwa testa, ndipo auguse. Tafuta kwanza fundi mwenye kibali umfanyie kazi.