Mahindi ya Namanga huanzia kwenye turubai

Mahindi ya masika yanakauka shambani, na madalali wameshaanza kupita vijijini wakiulizia mzigo. Kwa mkulima wa Arusha na Manyara, soko nono bado liko ng'ambo ya Namanga.

Ushuru si tatizo. Tangu Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza kazi, mahindi yaliyolimwa Tanzania huingia Kenya bila ushuru wa forodha. Kinachorudisha lori siku hizi ni sumukuvu. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo cheti cha kuthibitisha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wengi walisema ni siasa. Huenda ilikuwamo; hata sisi tulizuia mahindi yetu yasitoke mwaka 2011, tena 2017. Lakini mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya kula nyumbani, wala hakukuwa na mpaka hapo.

Kwa hiyo usimwage mahindi chini, maana kuvu hutoka udongoni. Anika juu ya turubai, tandaza membamba, geuza mara kwa mara, funika kabla ya umande. Kupiga magunia kwa fimbo hupasua punje, na kuvu hupenyea kwenye ufa. Mashine ya kupukuchua ni nafuu, ila nayo huyavunja mahindi yasiyokauka.

Viwango vya Jumuiya vinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, usishangilie: umeshuka chini ya 15 tu, 13.5 bado. Rudisha juani, kisha tafuta mwenye kipimo kabla ya kufunga magunia na kuyapanga juu ya chaga.

Dalali atakwambia, "Nipe hivyo hivyo, nitaanika mwenyewe." Anakata bei kwa unyevu wako, kisha huenda akayachanganya na mabovu ya mwingine.

Nanyi akina mama mnaovusha magunia machache, njia za panya za nini? Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani. Cheti cha afya ya mimea na cha ubora bado vinahitajika, hivyo ulizeni kabla ya kukodi gari.

Na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ikataeni. Mnunuzi wa Nairobi hulipa kwa uzito. Dalali naye apime kwa kilo, mzani ukiwa mbele yenu.