Medali ya Askari: Zana ya Kufundishia Historia

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha katika shule za Arusha mjini au za vijiji vya Mlima Meru hulalamika mara nyingi kwamba somo la historia halina zana. Katika makala hii twapenda kueleza zana moja iliyo karibu: medali aliyopewa askari wa kawaida wa miguu, ambayo baadhi ya familia zimeihifadhi sandukuni tangu babu aliporudi vitani.

Maarifa ya Mwalimu

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, vijana wa Tanganyika waliingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Wengine waliingia kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Walipigana na Waitalia huko Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944, ambako walipita Bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi mto Chindwin.

Utepe wa medali hutuambia askari alifika wapi. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Nyota zote mbili zina ncha sita. Medali ya Vita ni ya duara: upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Sita, na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Medali za vita vya 1914 hadi 1918 zilichorwa namba na jina la askari ukingoni. Nyota na Medali za Vita walizopewa askari wa Keya baada ya 1945 hazikuandikwa jina. Jina limo vinywani mwa watu wa nyumba ile tu. Nyota ikiuzwa, huwa bubu. Kwa hiyo twasisitiza: tusikusanye medali, tukusanye habari zake.

Hatua za Somo (Darasa la Sita)

1. Mwalimu aende kwanza mwenyewe, apige hodi na kuomba ruhusa kwa wenyeji. Asimtume mtoto kuleta medali shuleni, wala asitaje bei.

2. Wanafunzi wachache waitazame palepale nyumbani na kuichora kwa rangi zake. Wasiisugue kwa mchanga wala majivu, maana alama hufutika.

3. Wawaulize watoto au wajukuu wa askari: Babu aliitwa nani? Aliingiaje jeshini? Alirudi na nini? Nani aliondoka naye asirudi?

4. Waandike majibu katika kadi mbili. Moja ibaki shuleni, nyingine ikae sandukuni pamoja na medali.

Mjadala

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Wanafunzi waulizwe: serikali iliyotoa nyota kwa jina la mfalme, nayo kwa jina la mfalme huyo huyo ikatwaa ardhi, ilimthamini askari kwa kiasi gani? Mwalimu asiharakishe kujibu. Awaache wabishane kwa hoja.

Hitimisho

Wengi wa askari hao wametangulia mbele ya haki, na watoto wao nao ni wazee. Somo hili haliwezi kungoja mwaka mwingine wa masomo. Mwanachuo atakayerudi chuoni na kadi moja tu, yenye jina moja sahihi, atakuwa amefundisha historia.