Pua Hudanganywa, Moyo Haudanganyiki
Kijitabu cha familia kuhusu sigara za kielektroniki

Harufu ya embe imetanda chumbani kwa kijana. Mzazi anadhani ni marashi au peremende, kumbe ni sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu. Haitoi majivu, hainuki tumbaku, na huweza kufanana na kalamu au flashi ya kompyuta. Lakini harufu ni ya pua. Moyo hupokea kilichoingia kwenye damu.

Vepu ni nini?

Ni kifaa chenye betri, waya unaopata moto na kimiminika. Kimiminika hicho aghalabu huwa na nikotini, glisarini, propilini glikoli na viungo vya ladha. Waya ukipata moto, hukigeuza kuwa ukungu. Wengi huuita mvuke wa maji, lakini si maji. Una chembe ndogo mno, kemikali kali kama formaldehidi na akrolini, na pengine madini kama nikeli na risasi yatokayo kwenye kifaa chenyewe.

Inaufanya nini moyo?

Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Mwili humwaga adrenalini kana kwamba umeona hatari: moyo hudunda haraka, mishipa hubana, presha hupanda. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu katika njia iliyobanwa. Sigara ya kawaida huungua ikaisha. Vepu iko mfukoni tayari, na mtu huivuta kidogo kidogo kutwa nzima bila kujua amevuta kiasi gani.

Ukungu huo pia huudhi utando laini ulio ndani ya mishipa, ambao kazi yake ni kuisaidia itanuke damu ipite vizuri. Utando ukidhoofika, mishipa hukakamaa. Mishipa iliyokakamaa na presha ya juu ndiyo huandaa njia ya shambulio la moyo na kiharusi. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo anajitwisha mzigo juu ya mzigo.

"Lakini si afadhali kuliko sigara?"

Ni kweli, vepu haichomi tumbaku, na sumu nyingi za moshi wa sigara hupungua kwa mvutaji aliyeiacha sigara kabisa. Lakini anayevuta vepu mchana na sigara jioni hajaupumzisha moyo wake. Na kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote, hakuna afadhali hapo. Ubongo huendelea kukua hadi miaka 25 hivi, na nikotini huunasa upesi. Zipo nchi zilizochukua hatua: Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivi kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015.

Nyumbani tufanye nini?

- Ongea na mtoto kabla hajaonjeshwa na wenzake. Muulize anachokijua, umsikilize, kisha umweleze. Kumfokea humfundisha kuficha.
- Nyumba na gari visivutiwe vepu wala sigara.
- Mama mjamzito asivute. Nikotini humfikia mtoto tumboni.
- Kimiminika cha vepu ni sumu kikinywewa. Mtoto akikinywa, mwahisheni hospitali na chupa yake.
- Anayeacha atapata hasira, kukosa usingizi na hamu kali, hasa siku 3 za mwanzo. Mvumilieni, kwani hali hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mhudumu wa afya anaweza kumshauri kuhusu plasta au chingamu za nikotini.
- Pimeni presha, hata kama hakuna anayeumwa.

Msingoje asubuhi

Kifua kubana au kuuma, maumivu kuenea mkononi au kwenye taya, kukosa pumzi, jasho jembamba, uso kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea: hizo ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Moyo hudunda mara 100,000 hivi kwa siku bila kuomba likizo. Kijana wako akiacha leo, moyo wake ndio utakaopumua wa kwanza.