Pumbu Alikwenda Wapi?
Kijitabu kwa wavuvi na wauza samaki wa Lubudi

Tangu reli ifike Bukama mwaka 1918, samaki wa maziwa ya Upemba na Kisale wamekuwa wakipanda treni, wakipita hapa Lubudi kwenda kulisha miji ya shaba. Miji hiyo inazidi kukua, na njaa yake ya samaki inakua nayo. Ndiyo sababu tunawaeleza yaliyotokea kwenye mto mwingine wa Katanga, Luapula.

Zamani, mvua ziliposhika, samaki aitwaye pumbu alitoka Ziwa Mweru kwa makundi makubwa, akapanda Luapula kwenda kutaga. Wenyeji walimngoja kwa mitego na nyavu zao. Walikula, wakauza, na mwaka uliofuata pumbu akarudi.

Kisha migodi ikataka kitoweo cha wafanyakazi. Wafanyabiashara Wagiriki wakakaa Kasenga, wakaleta boti na barafu, samaki wakasafirishwa hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Nyavu zikawa nyingi, tena zikatandazwa wakati ule ule wa kutaga, kwa kuwa ndipo pumbu walipojazana njiani. Hapa tunaomba msome taratibu: jike akinaswa tumbo limejaa mayai, mvuvi amebeba na samaki wa miaka ijayo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 pumbu alikuwa karibu kwisha. Mwenye boti na mtaji aliweza kugeukia samaki wengine au biashara nyingine. Mwenye mtumbwi mmoja angekwenda wapi?

Ziwa Tanganyika nalo lilionja hayo. Meli za kampuni, zenye nyavu kubwa za kuzungushia, zilianza miaka ya 1950, na sangala wakubwa wakapungua upesi pale zilipovua. Leo nchi nne za ziwa hilo, Kongo ikiwemo, zina mkataba wa mwaka 2003 wa kulitunza. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Zambia hufunga uvuvi wa Mweru na Luapula kila mwaka, Desemba mpaka mwisho wa Februari.

Kufunga mto kunauma. Mama anayelipa karo kwa beseni la samaki hawezi kuambiwa angoje miezi mitatu hivi hivi, na atakayeamuru mto ufungwe aje kwanza na jibu la chakula. Lakini hata sisi wadogo tunachangia hasara: chandarua cha mbu kikikokotwa pembeni mwa mto kinazoa vifaranga vyote.

Kwa hiyo, vijito vinavyoingia mito ya Lubudi na Lualaba tuviache wazi, bila nyavu wala mitego, mvua zinaponyesha, samaki wapite kwenda kutaga. Na akija mtu mwenye boti za injini na mafriza kuomba bandari kijijini, shefu asimpe jibu peke yake. Wavuvi na mama wauza samaki wakae naye, ofisi ya uvuvi ya teritwari iwepo, wamwulize matundu ya nyavu zake yana upana gani, miezi gani hatavua, na samaki wangapi watabaki sokoni hapa.