Wadogo Zangu, Kabla Hamjanunua Kopo la Matcha

Haya wadogo zangu, sogeeni tuongee. Maswali ya matcha, ile chai ya kijani ya unga ya Kijapani, yamekuwa mengi, na nikiyasoma kwa pamoja naona yanasimulia kisa kimoja. Mtu ameiona kwenye simu, kijani kinachong'aa kwenye glasi ndefu yenye barafu, akaitafuta mpaka akaipata kwa bei kubwa. Akaikoroga nyumbani, ikatoka chungu, ina madonge, na rangi yake haifanani kabisa na ile ya pichani. Sasa ananiuliza: Dada, kosa ni langu au ni la chai?

Mara nyingi kosa ni la kopo, na likitoka kopo ni la maji. Nitaanza na kopo, maana hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Matcha inatokana na mmea uleule wa chai unaolimwa Kericho, Mufindi na Rungwe. Tofauti ni yale yanayofanyiwa majani. Chai yetu nyeusi huvunjwavunjwa, ikaachwa hewani igeuke rangi, ndipo ikakaushwa. Wajapani hawaipi hewa nafasi hiyo: majani yakishachumwa hupigwa mvuke haraka, kwa hiyo hubaki kijani. Na kazi yenyewe huanza kabla ya kuchuma. Wiki tatu hadi nne kabla ya mavuno shamba hufunikwa, jua likapungua. Jani lililokosa jua hujijaza klorofili, ndipo rangi inapokolea. Hubaki pia na theanini nyingi, ambayo ndiyo chanzo cha ule utamu mzito usiokuwa wa sukari. Jua lingeipunguza na kuongeza katekini, ambazo ndizo zinazoleta uchungu. Baada ya mvuke majani hukaushwa bila kusokotwa, yakaondolewa vijiti na mishipa. Kinachobaki huitwa tencha, na tencha ikisagwa ndiyo matcha.

Hiyo kazi ya kusaga ndiyo nataka muielewe vizuri. Jozi ya mawe ya kusagia ya jadi hutoa gramu 40 hivi kwa saa nzima, kwa sababu yakizungushwa haraka yanapata moto na unga unaharibika harufu. Kopo la matcha nzuri huwa gramu 30 au 40. Ukilishika mkononi, umeshika karibu saa nzima ya mawe hayo kuzunguka, mbali na jasho la waliofunika na kufunua shamba. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kilo nzima kwa bei ya pakiti chache za majani ya chai, mwulize kwa upole anauza nini hasa.

Mara nyingi anauza chai ya kijani ya kawaida, ambayo haikufunikwa, imesagwa tu. Ni halali kuinywa, ila usiilipie bei ya matcha. Au anauza mchanganyiko. Geuza pakiti usome viungo: ikianza sukari, ikafuata maziwa ya unga, basi umenunua sukari yenye rangi. Matcha halisi haina orodha ndefu. Ni majani ya chai ya kijani yaliyosagwa, basi.

Mmoja wenu ameniuliza kuhusu yale maandishi ya Kiingereza kwenye makopo, kwamba hii ni ya daraja la sherehe na ile ni ya mapishi. Mdogo wangu, Japani haina sheria inayoeleza daraja la sherehe ni lipi. Kila muuzaji anajipangia mwenyewe. Wapo wanaolitumia kwa uaminifu na wapo wanaolibandika popote. Afadhali utafute mambo matatu: imetoka wapi, ni ya mavuno gani, na ilisagwa au kufungwa lini. Muuzaji anayejua mali yake atakuambia yote matatu bila kusitasita.

Kwa upande wa mahali, jina kubwa ni Uji, karibu na mji wa Kyoto. Kuna Nishio katika mkoa wa Aichi, Yame katika mkoa wa Fukuoka, na Kagoshima kule kusini, ambako siku hizi wanazalisha kwa wingi. Ila mjue kwamba kwa utaratibu wa wafanyabiashara wa chai wa Kyoto wa mwaka 2004, chai inayoitwa ya Uji inaweza kuwa na majani kutoka Kyoto, Nara, Shiga na Mie, mradi imetengenezwa mkoani Kyoto. Kwa hiyo jina Uji kwenye kopo ni sifa njema, lakini halimaanishi kila jani limechumwa pale pale. China nayo inazalisha matcha nyingi, hasa katika jimbo la Guizhou. Siidharau. Ninachotaka ni ulipe bei ya China kwa mali ya China.

Kwa upande wa mavuno, ya kwanza, ya masika yao kati ya Aprili na Mei, ndiyo laini na tamu kuliko yote. Mavuno ya baadaye huwa na uchungu zaidi na bei ya chini.

Kisha amini macho na pua yako. Mimina kidogo juu ya karatasi nyeupe. Nzuri huwa kijani kilichochangamka, laini kiasi kwamba ukiisugua kidoleni husikii chembe. Iliyochoka inaelekea manjano au kahawia, na harufu yake ni ya majani makavu. Harufu unayoitaka ni ya kijani kibichi, yenye utamu kwa mbali.

Nawasisitizia haya kwa sababu soko limebana. Kuanzia majira ya vuli ya mwaka 2024 mahitaji yalipanda mno, hata nyumba kongwe za chai za Kyoto, kama Ippodo na Marukyu Koyamaen, zikaweka kikomo cha makopo ambayo mteja mmoja angeweza kununua. Masika ya 2025 bei ya tencha mnadani Kyoto ikawa zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Bidhaa ikiadimika hivyo, za kubabaisha hujitokeza kujaza pengo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na hapa nitakuwa mkali kama dada yenu: nunua kopo dogo, na lifungue siku unayoanza kulitumia. Tumezoea kuweka majani ya chai kabatini mwaka mzima, lakini matcha haivumilii hayo. Imesagwa laini mno, kila chembe iko wazi kwa hewa, mwanga, joto na unyevu. Na unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat mnaujua. Likishafunguliwa, funga kabisa, weka kwenye friji mbali na vitunguu na samaki, na ujitahidi liishe ndani ya mwezi mmoja, ikizidi sana miwili. Ukilitoa kwenye friji, liache mezani kama nusu saa kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa ya nje utageuka umande ndani yake na unga utashikana. Kopo la gramu 30 linatoa vikombe 15, kwa gramu 2 kila kimoja. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza makopo matatu kwa sababu ya punguzo la bei.

Tuje jikoni. Gramu 2 ni kama kijiko kimoja cha chai, kisawazishwe, kisijae mlima. Upitishe unga kwenye chujio lako la chai likiwa kavu kabisa, ukiusukuma kwa kijiko. Msiruke hatua hii hata mkiwa na haraka. Madonge yakishaingia majini hayatoki tena, na hiyo ndiyo siri yote ya wale ambao chai yao inatoka laini.

Maji yasiwe ya kuchemka. Unayataka kwenye nyuzi 70 hadi 80, kwa sababu maji ya moto sana huvuta uchungu wote kwa mpigo. Huna kipimajoto? Chemsha, mimina kwenye kikombe kimoja, kisha hamishia kingine. Kila kuhamisha kunapunguza kama nyuzi 10. Ukishahamisha mara mbili uko pazuri. Tia maji kidogo kwanza ulainishe unga uwe mzito, halafu ongeza mpaka mililita 70 hivi, ndipo upige.

Wajapani hupigia chaseni, kifaa cha mwanzi mmoja uliochanwa kwa mkono ukawa na nyuzi nyembamba 80, 100 hata 120. Nyingi ya zile zinazotengenezwa Japani hutoka Takayama, katika mkoa wa Nara, ambako familia zimekuwa zikirithishana kazi hiyo kwa mamia ya miaka. Ukiweza kuipata, ipate. Ilowekwe kwanza kwenye maji ya vuguvugu ili isivunjike, kisha piga kwa kifundo cha mkono, mbele na nyuma kwa haraka, bila kukandamiza chini ya bakuli, sekunde 15 au 20 mpaka povu lijae. Baadaye ioshe kwa maji matupu, sabuni usiiguse, na iache ikauke hewani. Lakini asikuambie mtu kwamba bila chaseni huwezi. Kimashine kidogo cha betri cha kutolea povu kinafanya kazi vizuri. Chupa safi yenye mfuniko nayo inatosha: tia unga uliochujwa, maji baridi mililita 150, funga, tikisa kwa nguvu, mimina juu ya barafu. Kwa joto letu hii ndiyo naipenda kuliko zote, na maji baridi huificha sehemu kubwa ya uchungu.

Na sukari je? Hapa watu wa pwani tayari mna elimu ambayo wengine inabidi wafundishwe. Mnajua jinsi kahawa chungu inavyokwenda na halua, kashata au tende: utamu unaingia kwanza mdomoni, uchungu unaukuta njiani. Japani wanafanya hivyo hivyo. Mgeni hupewa kitamu kidogo, mara nyingi kilichotengenezwa kwa maharage matamu au sukari laini, akimaliza ndipo anapewa bakuli la chai isiyotiwa kitu. Jaribu tende moja, kisha matcha tupu. Utashangaa jinsi usivyohitaji kijiko cha sukari.

Maziwa sikatazi. Tia gramu 3 au 4, lainisha kwanza kwa maji ya moto kidogo, ndipo umimine maziwa mililita 150 hadi 200. Ila kwa kazi hiyo nunua ile ya mavuno ya baadaye. Uchungu wake ndio unaosikika ndani ya maziwa, na ni wa bei nafuu. Kuchukua matcha ya mavuno ya kwanza ukaizamisha kwenye maziwa na vanila ni kulipia kitu ambacho hutakionja. Na kopo lolote jipya, bakuli la kwanza linywe kwa maji matupu. Hapo ndipo utakapojua ulichonunua.

Aliyeniandikia kwamba haya yote ni mambo ya mitandao tu, yatapita: mtawa Eisai alirudi Japani kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai na desturi ya kuipiga ikiwa unga, na mwaka 1211 akaandika kitabu kuhusu chai na afya. China yenyewe baadaye iliiacha desturi ile, Japani ikaishika.

Afya ndiyo imenifanya niandike leo, kwa sababu naona mnavyouziwa matumaini. Matcha si dawa ya kuondoa tumbo. Mchango wake katika kupunguza uzito ni mdogo sana, na anayekuahidi kilo kadhaa kwa mwezi anataka pesa yako. Kaeni mbali hasa na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba dozi kubwa za vidonge hivyo, kuanzia miligramu 800 kwa siku za ile katekini yake kuu, zimehusishwa na dalili za madhara ya ini. Kikombe chako cha nyumbani hakifiki huko.

Bakuli moja lina kafeini miligramu 60 hivi. Ukiwa mjamzito, ushauri wa Uingereza na Ulaya ni usizidishe miligramu 200 kwa siku, na hapo hesabu pamoja chai ya maziwa, kahawa na soda ya kola. Matcha usiinywe wakati wa chakula. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, na wengi wetu damu yetu tayari iko chini. Acha saa moja au mbili zipite. Kuinywa tumbo likiwa tupu kabisa nako huwachefua baadhi ya watu, kwa hiyo katikati ya asubuhi ni wakati mzuri. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, mwambie daktari wako waziwazi kwamba unakunywa unga wa jani zima, lenye vitamini K, wala si maji yaliyochujwa tu.

Wale mnaotaka kikombe cha usiku nisubirini toleo lijalo, nitawaeleza kuhusu hojicha, chai ya Kijapani iliyokaangwa, ambayo kafeini yake ni kidogo.